Soseji Zilizokemewa

Jumamosi iliyopita, kwenye harusi ya watu wetu huko Missouri City, karibu na Houston, Mama Furaha alinikumbatia mbele ya meza nzima akasema, "Huyu mwanangu kabisa huyu. Msiba wa baba yake nilikuwa naye bega kwa bega." Nilisimama ndani ya mikono yake kama mwiko uliosahaulika kwenye ugali. Wenzake wakaitikia, "Maskini, binti mpole." Mimi si mpole. Nina haya, na watu huchanganya mambo hayo mawili kwa sababu yote hukaa kimya. Tuliporudi nyumbani Arlington, karibu na Dallas, nilikaa kitandani na gauni la harusi, viatu miguuni, nikaanza kuandika habari za mwaka ule niliotimiza miaka kumi na sita. Nimegundua kwamba yeye ameshautunga upya kichwani mwake, na humo ndani yeye ni mtu mwema. Siwezi kumwachia hilo.

Lazima nianze na soseji zenyewe, la sivyo utadhani nilikasirikia nyama tu. Kabla ya Texas tuliishi Ujerumani, kijiji cha kaskazini mwa jimbo la Hesse, ghorofa ya juu ya nyumba ya bibi mmoja mjane tuliyemwita Oma Hilde. Nyuma ya jikoni kwake palikuwa na chumba chenye kuta za udongo na kidirisha cha kupitisha mkono tu, na kwenye fito za dari zilining'inia soseji ndefu, zimefungwa uzi mwekundu na mweupe. Zinaitwa Ahle Wurst, maana yake soseji kuukuu. Hazipikwi. Nyama ya nguruwe husagwa ikiwa bado na joto la mnyama, ikatiwa chumvi, pilipili manga na ramu iliyolowekewa kitunguu saumu, ikashindiliwa kwenye utumbo, kisha ikatundikwa kwa miezi. Hewa ndiyo jiko lake. Zikikaa huota ukungu mweupe, mkavu, kama zimepitishwa kwenye unga wa muhogo, na ukungu huo ndio unaozilinda. Uogope wa kijani na mweusi. Mimi nilijua hilo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nikirudi shule vidole vimekufa ganzi kwa baridi, Oma Hilde ananiketisha kwenye benchi la jikoni, anachomoa kisu chake cha mfukoni, anamenya ngozi, ananiletea kipande kwenye ncha ya kisu. Kwanza unasikia chumvi, halafu kitunguu saumu kwa mbali, halafu mafuta yanayeyuka juu ya ulimi na kuacha utamu ambao mpaka leo sijui nifananishe na nini. Kando, mkate mweusi na tango la siki. Baba alikuwa anashuka ngazi na kandambili zake akilalamika, "Oma, utaniharibia mtoto, hatakula ugali," na Oma Hilde bila kugeuka anamjibu kwa Kijerumani, "Wewe nawe kaa, mdomo wako unatoa mate tangu juu." Baba anakaa.

Tulipohamia Texas, kitu pekee ambacho Baba alikitafuta kwa machozi kilikuwa hicho. Alinunua soseji kavu za kila duka, akawa anazitafuna amesimama pale pale kwenye maegesho, mfuko mkononi, kisha anatikisa kichwa. "Zina sukari," alikuwa anasema. "Hizi ni soseji za watu wenye haraka." Mwishowe akachukua friji ya zamani iliyokuwa gereji, akaifungia kifaa cha kupima joto, akaweka feni ndogo ya mezani na bakuli la maji ya chumvi chini, akaweka fimbo za mapazia juu za kutundikia. Kila Desemba alikwenda shambani kwa mzee mmoja Mmarekani nje ya Fort Worth, Bwana Dale, aliyechinja nguruwe mwenyewe, na alirudi na nyama ndani ya sanduku la plastiki la kuwekea barafu, lakini bila barafu, akiendesha kama mtu anayewahisha mgonjwa ili nyama isipoe. Mlangoni mwa friji alibandika karatasi kwa sababu Mama alikuwa na tabia ya kuchungulia na kuharibu unyevu: *Nicht öffnen. Usifungue.*

Februari ya mwaka ule moyo wa Baba ulisimama akiwa kazini, kwenye korido ya hospitali, mahali ambapo kila aliyekuwa karibu alijua la kufanya, na walilifanya. Hapo sitaandika zaidi. Kwenye friji zilikuwa zimebaki soseji za Desemba, za mwisho ambazo mikono yake ilizifunga, na zilihitaji wiki chache tu zikomae.

Msiba wetu unaujua. Nyumba inakoma kuwa yako. Viatu vilijaa mlangoni, wanaume walikaa nje kwenye viti vya kukunja, Mama alikaa chini kwenye godoro sebuleni amejifunika khanga, na jikoni likawa la akina mama. Mama Furaha alikuja kutoka Houston na sufuria zake mwenyewe na jiko lake la gesi, nesi, mrefu, kiongozi wa akina mama wa jumuiya yetu, mtu ambaye akisema "tuombe" hata anayetafuna anaacha. Siku ya pili soda zilikosa pa kupozea. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye stoo ya jikoni, kati ya mifuko ya mchele, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo hakuna mtu aliyenishika kichwa na kunipa pole. Mlango wa gereji ulikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilisikia ukifunguliwa, nikasikia kreti ikiwekwa chini, kisha ukimya ambao si wa kawaida kwa wanawake wale.

"Jamani. Njooni hapa."

"Nini?"

"Mimi nawauliza ninyi. Hivi ni nini?"

"Mungu wangu. Ni kama mikono ya mtu."

"Imefungwa na uzi mwekundu. Na ukungu! Ona na hili bakuli la maji chini yake."

"Na hapa pameandikwa usifungue. Sasa chakula gani mtu anakiandikia usifungue?"

"Maandishi mengine haya si Kiingereza."

"Ndiyo maana," akasema Mama Furaha, na sauti yake ilishuka kama anasoma vipimo vya mgonjwa. "Mtu mzima, mzima wa afya, moyo unasimama tu? Mimi nilijiuliza tangu Houston. Huko Ulaya alipokaa, nani anajua alikutana na nini."

Nilitoka. Nataka hili lijulikane, kwa sababu watu wakisikia nina haya hudhani nilinyamaza. Nilitoka stoo nikasimama mlangoni mwa gereji nikasema, "Ni chakula. Ni soseji za Baba." Nilisema kwa sauti, kwangu mimi ilikuwa sauti. Mama Furaha alikuja akanishika mashavu, mikono yake tayari ina glavu za hospitali, sijui alizitoa wapi, nadhani manesi wetu huzaliwa nazo. Akasema, "Pole mwanangu. Hujui ulikuwa unalala na nini humu ndani. Nenda ukakae na mama yako." Mwingine akanigeuza mabega. Wakakemea kwa jina la Yesu, wakamimina mafuta ya upako kwenye friji, wakazikata zile nyuzi kwa kisu chetu cha mkate, wakazitia kwenye mifuko miwili ya taka na kuzimwagia dawa ya chooni juu, ili hata mbwa asizile. Gari la taka lilipita asubuhi ile ile. Mimi nilikuwa dirishani.

Ningeweza kusamehe soseji. Sina hakika, lakini labda. Nisichosamehe ni kilichofuata. Mama Furaha hakusema jambo lile kwa nia ya kuliacha gerejini. Alilisema sebuleni kwake, garini, kwenye simu, siku zote kwa masikitiko, siku zote akimalizia "tumwombee mjane." Baada ya Pasaka, Mama alipeleka maandazi kanisani kama alivyofanya miaka yote, yale yake ya iliki yanayoisha kabla chai haijamiminwa. Nilikaa nikiitazama sinia. Watu walikuja na sahani, wakafika kwenye sinia ya Mama, mkono ukasita, ukaruka kwenda kwenye keki ya dukani. Mtoto mmoja alichukua andazi, mama yake akamnyang'anya vidoleni akalirudisha. Tulirudi nyumbani na sinia imejaa. Mama akayamwaga yote kwa ndege nyuma ya nyumba, akasimama akiwatazama wakila. "Hawa hawaogopi," alisema.

Aliyeendelea kuja kwetu alikuwa Mzee Salum, rafiki ya Baba, Mwislamu anayeishi huko huko Missouri City, ambaye akija Dallas kwa shughuli zake lazima apite. Yeye alikuwa hali soseji kwa dini yake, lakini alikuwa akikaa gereji na Baba akimtania, "Marehemu nguruwe wako anaendeleaje?" Yeye ndiye aliyetuambia waziwazi yanayosemwa, kwamba Baba alifuga uchawi kwenye friji. Mama akasema, "Mungu atalipa." Mzee Salum akakoroga chai yake. "Atalipa, dada. Lakini Mungu ana wadaiwa wengi Texas hii." Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nilijua kuanzia dakika ile kwamba sitasubiri foleni.

Miezi ya joto nilimpigia Oma Hilde kwa video. Kijerumani changu kilikuwa kimeota kutu, nilitafuta neno "kukanda" mpaka nikamwonyesha kwa mikono. Yeye alikuwa mzee sana sasa, ameishika simu karibu mno, hivyo nilizungumza na sikio lake na nusu ya miwani. Nilimweleza yote. Aliniuliza mara mbili, "Dawa ya chooni?" Kisha akatukana tusi ambalo Baba alinikataza kulirudia, akaenda zake jikoni simu ikiwa bado mkononi, akaanza kunifundisha. Kiasi cha chumvi kwa nyama, na kwamba iwe ile chumvi maalumu ya kuhifadhia, nisijifanye mjuzi. Nyama ya paja na ya bega, mafuta ya mgongo. Saumu ilale kwenye ramu usiku mzima, asubuhi uchuje, saumu utupe, ramu ubaki nayo. "Na usiwe na huruma ukishindilia," alisema. "Hewa ikibaki ndani, inaoza." Nilimwambia huruma haikuwa shida yangu.

Novemba Mama alinipeleka kwa Bwana Dale. Nilidhani atabaki garini, maana njia nzima aliniambia kwamba kisasi si cha Mkristo na kwamba Baba yangu hakuwa mtu wa hivyo, lakini tulipofika alishuka. Bwana Dale alipoona sanduku lile la Baba lisilo na barafu alivua kofia, akasimama hivyo, akaenda kuleta nyama. Tuliporudi nyumbani ilikuwa bado ina joto, unaisikia ukipitisha mkono, na Mama akavua pete, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kazi kabla yangu. Tulisaga, tukakanda, tukashindilia utumbo kwa faneli na kidole gumba, tukatoboa hewa kwa sindano. Mama ndiye aliyejua fundo la Baba. Sikujua kwamba alikuwa akimtazama miaka yote ile. Tukatundika. Nikabandika karatasi mpya mlangoni mwa friji, neno moja tu la Kiswahili, na Mama kwa mara ya kwanza hakuchungulia. Mpaka Krismasi zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Kila nikitoka shule nilikaa gereji kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikizinusa, na kulikuwa na siku nililia kwa sababu harufu ilikuwa ya Baba kabisa, na kulikuwa na siku nyingi zaidi nilizokaa nikifanya mazoezi ya sentensi moja.

Machi, Mama Furaha akafungua nyumba mpya huko Katy, mji wa kando ya Houston. Tangazo lilikuja kwenye kundi la simu: mchungaji atabariki, wote mnakaribishwa, kila familia ilete chakula. Fulani alete pilau, fulani ndizi nyama, fulani sambusa. Kwenye jina la Mama pakaandikwa: sahani za karatasi. Mama alisoma akaniletea simu nisome na mimi, akasema, "Haya. Chukua soseji zako." Ndivyo nilivyopewa ruhusa.

Nyumba ilikuwa inanukia zulia jipya. Dari ndefu, kioo kila mahali, viatu mlangoni kama msibani. Mtu mwenye haya ana faida moja, haonekani. Nilipita na mkoba wangu mpaka jikoni, nikachukua sinia ya Mama Furaha mwenyewe kabatini, nikapanga vipande vyembamba nilivyokwisha kumenya, mkate mweusi, matango ya siki, nikachomeka vijiti vya meno. Nikaiweka meza ya mbali na ile ya Waislamu, nikaandika kikaratasi KITIMOTO, jina letu la nyama ya nguruwe, kwa herufi kubwa, kwa sababu ugomvi wangu ulikuwa na mtu mmoja. Kisha nikaenda kusimama karibu na pazia.

Mama Furaha alipita na kitambaa cha dhahabu kichwani, akachukua kipande kama mtu anayefanya ukaguzi. Akasimama. Akachukua cha pili. "Mmh! Jamani, kitimoto gani hii? Nani kaileta?" Hakuna aliyejua. "Hii si ya dukani, nawaambia. Baba Mchungaji, hebu onja hii kabla hujaharibu tumbo na wali." Mchungaji akaonja, akarudi, akarudi tena. Wakaja wale wa gerejini, mmoja mmoja, wakila na kulamba vidole. Halafu Mama Furaha akachukua karatasi ya foili, akafunga nusu ya sinia, akacheka, "Hizi ni za mwenye nyumba, msinione mchoyo," akazitia kwenye friji yake.

Nilitoka kwenye pazia. Nilikuwa sijamwamkia tangu tufike, hivyo nilipiga goti pale katikati ya sebule, vile anavyopenda, nikasema, "Shikamoo, Mama Furaha."

"Marahaba, Atu mwanangu! Umekua jamani."

"Ni mimi niliyeleta ile kitimoto."

"Wewe? Mungu akubariki mikono! Umejifunza wapi?"

"Kwa Baba. Na hii nimekuletea nzima, ya kufungulia nyumba." Nikaitoa mkobani, nikafunua taulo niliyoifungia. Ilikuwa nzuri kuliko zote, ndefu, nyeupe kama chokaa, uzi mwekundu kwenye ncha. Niliona uso wake ukiijua kabla yeye hajataka uijue. Kijiti cha meno kilikuwa bado mdomoni.

"Ndizo zile za kwenye friji ya gereji," nikasema. "Naomba kuuliza tu. Ulichokula leo ni chakula, au ni kile ulichowaambia watu?"

Watu waligeuka kututazama. Halafu kutoka meza ya Waislamu Mzee Salum akasema taratibu, "Mimi dini yangu hainiruhusu kuonja, siwezi kutoa ushahidi. Lakini kama ni uchawi, basi leo Mchungaji karogwa mpaka kashiba." Watu walicheka, wale wa kucheka kwa pua kwanza, na Mchungaji akaweka sahani yake chini polepole.

Mama Furaha akainama kwangu. "Atu, haya ni mambo ya wakubwa. Twende jikoni mimi na wewe na mama yako tuyamalize."

"Hukuyasema jikoni," nikasema.

"We mtoto!"

"Shikamoo," nikasema tena, nikiwa bado nimepiga goti. Nilikuwa nimemheshimu kwa kila kanuni tuliyofundishwa, hakuwa na pa kunishika. Angesema ni uchawi, alikuwa ameula na kumlisha mchungaji na kujifungia mwingine kwenye friji. Angesema ni chakula, basi alimsingizia marehemu. Nilimwangalia akizunguka ndani ya mtego ule, na sikuharakisha.

"Ni chakula," akasema mwishowe.

"Na Baba?"

"Baba yako hakuwa na neno. Nilikosea. Zilikuwa soseji." Akaanza kulia. Wanawake wakaanza "basi, basi, yameisha." Nilitafuta huruma ndani yangu kama mtu anavyopapasa funguo kwenye mkoba, nikaikosa, na sikuhangaika.

Ndipo Mama akainuka kutoka kiti cha pembeni walichomwonyesha. Alichukua soseji mkononi mwangu, akaomba kisu, akaletewa. Akamenya ngozi ile nyeupe mbele ya watu wote, akakata vipande, akaenda kwa kila mwanamke aliyeruka sinia yake ya maandazi. Aliwajua wote. Alimnyooshea kila mmoja kipande kwenye ncha ya kisu, akasimama mbele yake akitabasamu, akasubiri mpaka ameze, ndipo akaenda kwa mwingine.

Njiani kurudi kaskazini nilimwambia Mama kwamba najua Baba asingefanya vile. "Asingefanya," akasema. "Ndiyo maana walithubutu kumsema." Tulipopita taa za mwisho za Houston akaniambia nifungue mkoba wake. Ndani kulikuwa na ile foili.

"Mama! Umeiba kwenye friji ya mtu?"

"Kwani zile za mwanzo alituuliza?"

Tulikula kwa mikono, bila mkate, gari likinukia saumu. Mama alifuta vidole kwenye khanga akasema mwakani tutengeneze nyingi zaidi, tuwapelekee wote, kanisa zima, hata wa Katy, isipokuwa nyumba moja.

Miaka miwili tumetengeneza. Wote wamepata. Yeye ameomba kwa simu, ameomba kwa kupitia Mchungaji, na Jumamosi, akiwa amenikumbatia, ameniomba sikioni.

Hajapata.